Gemu ya utotoni hainogi nyumbani: anza na mkono, picha baadaye

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nilipokuwa mtoto sikuweza kupita nje ya ukumbi wa gemu bila kuingia. Kuna gemu moja ya ndege niliipenda kupita zote: ndege inapanda juu, unaokota vitu vyekundu na vya bluu vinavyobadilisha silaha, na kuna kitufe cha bomu. Jina silikumbuki. Juzi nimeweka gemu za zamani kwenye kompyuta, nikaunganisha na TV kubwa ya sebuleni, nikacheza kwa kibodi. Dakika kumi tu nikachoka. Je, ni mimi nimekua, au kuna kitu kinakosekana? Nifanye nini nipate angalau nusu ya ile raha bila kununua mashine nzima?"

Jibu:

Habari ni njema, ndugu yangu. Kukua umekua, lakini si hilo lililoharibu mambo. Kibodi, TV kubwa na kucheza bila kikomo: mpe mtoto wa miaka kumi mchanganyiko huo, naye atachoka. Gemu ya ukumbini ilitungwa pamoja na jostiki yake, kioo chake, spika yake na tundu lake la sarafu. Wewe umerudisha programu peke yake, na programu ni sehemu ndogo ya kile unachokikumbuka.

Wengi wakifika hapo hukimbilia picha. Wanatafuta TV kubwa zaidi, rangi kali zaidi, mapambo ya pembeni mwa kioo. Hela inaisha na raha haijaja. Ushauri wangu ni kwenda kinyume: anza na mkono, kisha punguza muda unaopotea kati ya mkono na kioo, kisha rudisha uhaba wa sarafu. Picha na sauti zifuate baadaye.

Kwanza tupate jina

Kumbukumbu za utotoni hushika sana rangi na furaha, ila huchanganya gemu mbili tatu zikawa moja, hasa kama mashine zilisimama jirani. Kwa hiyo ukitafuta gemu ya zamani usianze na hadithi yake. Anza na kile mikono ilichofanya. Kulikuwa na vitufe vingapi? Ulishika jostiki, mpira wa kuviringisha, au kinobu cha kuzungusha? Kioo kilisimama wima au kililala? Mlicheza wawili kwa pamoja au kwa zamu? Majibu ya maswali hayo huondoa mamia ya gemu kabla hujaangalia picha hata moja.

Kwa maelezo yako, gemu yako ni Raiden, iliyotolewa mwaka 1990 na kampuni ya Seibu Kaihatsu ya Japani. Kioo wima, vitufe viwili, silaha nyekundu inayotawanyika, na ya bluu ambayo ni mwale ulionyooka. Jiulize jambo moja la kuhakikisha: je, unakumbuka silaha ya tatu, ya zambarau, yenye mwale unaopinda na kumng'ang'ania adui? Kama ndiyo, ulicheza Raiden II ya 1993. Kama badala ya bomu ndege ilijipindua hewani kukwepa risasi, hiyo ni 1942 ya Capcom, ya mwaka 1984. Kama kulikuwa na kipimo cha nguvu kinachopungua badala ya ndege za akiba, hiyo ni 1943, iliyotoka 1987. Na kama chombo chenyewe kilikuwa helikopta na silaha zilikuwa za rangi nne, ni Twin Cobra, nayo ya 1987.

Ukishapata jina, hakikisha unacheza toleo la ukumbini. Gemu nyingi ziliandikwa upya kwa ajili ya vifaa vya nyumbani vilivyokuwa na uwezo mdogo, na matokeo yake ni gemu nyingine yenye jina lile lile. Mfano mkubwa ni Pac-Man ya Atari 2600 ya mwaka 1982: njia za ndani si zile, sauti si zile, na vizuka vinamemeteka kwa sababu kifaa kilishindwa kuvichora vyote kwa wakati mmoja. Programu kama MAME, iliyoanza mwaka 1997, kazi yake ni kuiga bodi ya ukumbini yenyewe, yaani saketi zilizokuwa ndani ya mashine, ili programu ya asili iendeshwe ilivyoandikwa. Faili za gemu zina hakimiliki, kwa hiyo tafuta kwanza kama kuna toleo rasmi linalouzwa. Mengi ya siku hizi ni mwigo wa bodi ya ukumbini na yanakupa mipangilio yote nitakayoitaja.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakijui, na mara nyingi kinamaliza ubishi kati ya marafiki wa zamani. Bodi za gemu zilikuwa na swichi ndogo ndogo, kwa kawaida nane kwenye kipande kimoja. Mwenye ukumbi alizitumia kuamua idadi ya ndege unazopewa, ugumu wa maadui, alama zinazoleta ndege ya ziada, na sarafu moja ni mchezo mmoja au la. Gemu ile ile ingeweza kuwa ngumu ukumbi huu na laini ukumbi wa jirani. Kwa hiyo ukiona nyumbani imekuwa rahisi, huenda kumbukumbu yako haikudanganyi hata kidogo. Kwenye MAME bonyeza Tab, fungua menyu ya DIP Switches, na ujaribu viwango vya ugumu mpaka mkono uitambue. Vivyo hivyo kwa aliyezoea Street Fighter II na anakumbuka wapiganaji wakirusha mipira ya moto wakiwa hewani: aliyoyaona ni kweli. Zilikuwepo bodi zilizochezewa programu, maarufu kwa jina la Rainbow, na zilienea sana.

Mkono

Kibodi ina kasoro mbili, na moja ni ya kiufundi kabisa. Kibodi nyingi za kawaida hushindwa kusoma baadhi ya michanganyiko ya vitufe vitatu kwa pamoja. Mshale wa juu, mshale wa kushoto na spesi ni mchanganyiko unaojulikana kwa kugoma. Maana yake unakimbia kwa mshazari, unabonyeza bomu, bomu halitoki, unakufa, na unajilaumu bure. Kasoro ya pili ni kwamba kibodi hukupa vidole tu, wakati jostiki ya ukumbini iliendeshwa na kifundo cha mkono. Mwili haukumbuki vidole.

Kwa ndani jostiki ya aina hii ni kitu rahisi: fimbo, springi, na swichi nne kuizunguka. Ukielekeza juu inafunga swichi moja. Ukielekeza kwenye mshazari inafunga mbili kwa pamoja. Chini ya fimbo kuna kipande cha plastiki chenye tundu, mlango, kinachozuia fimbo isivuke mpaka, na umbo la tundu hilo ndilo linaloamua unavyohisi. Kwa Raiden unahitaji pande nane, maana maisha yako yote yako kwenye mshazari. Kwa Pac-Man ya mwaka 1980 pande nane ni sumu. Ukikata kona, fimbo inapita kwenye mshazari, swichi mbili zinafungwa kwa pamoja, gemu inafuata upande ambao hukuutaka, na kizuka kinakukamata kwenye kona ambayo utotoni ungeipita umefumba macho. Kama una jostiki ya Sanwa JLF, fungua kifuniko cha chini na uzungushe ule mlango wa mraba nyuzi 45. Sasa ina pande nne. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayowashangaza watu kuliko marekebisho mengine yote.

Kuna aina mbili kuu za jostiki na vitufe. Ya Kijapani ina kichwa cha mpira, springi laini, na vitufe vya milimita 30 vyenye uso bapa au uliovimba kidogo, vinavyoitika ukivigusa tu. Ya Kimarekani ina kichwa kirefu chenye tumbo, springi ngumu, na vitufe vyenye uso uliobonyea ndani vinavyokaa kwenye tundu la milimita 28 hadi 29. Usichague kwa kufuata nchi ya gemu. Chagua kwa kufuata ukumbi wako: fumba macho, kunja kiganja, ukumbuke ulishika mpira au kichwa kirefu. Na kama mashine uliyoizoea haikulia "tik" ukiisogeza jostiki, basi ilikuwa na swichi za zamani za majani mawili ya chuma yanayogusana, zilizotumika sana miaka ya mwanzo ya 1980. Swichi hizo bado zinatengenezwa. Ukipata za zamani zimeshika kutu, usizikwangue kwa msasa. Unaondoa ngozi ya juu ya chuma na baada ya hapo zitaharibika haraka. Pitisha kipande cha kadi ngumu kilichoguswa na pombe ya isopropili katikati ya majani hayo, bana kidogo, vuta mara kadhaa, kisha acha nafasi ya kama milimita moja kati ya jani na jani.

Ubao wa kuchezea unaweza kuutengeneza mwenyewe, na hapa watu hukosea unene. Vitufe vya Kijapani vya kubana kwa meno hushika bati au plastiki ya milimita 2 hadi 4 tu. Ukiviweka kwenye mbao ya milimita 18 meno hayafiki chini, na kitufe kitachomoka ukikipiga kwa hasira. Kwenye mbao tumia vitufe vya kufunga kwa nati vyenye shingo ndefu. Jostiki nayo ukiifunga chini ya mbao nene bila kuchimba nafasi yake, fimbo inamezwa. Fimbo ikipungua milimita 15 inakuwa nzito na mwendo wake unafupika, kwa sababu wenzo umekuwa mfupi. Chimba mbao kwa chini mpaka ibaki nyembamba pale inapokaa. Kati ya katikati ya kitufe na kitufe acha milimita 36 hivi kwa vitufe vya 30. Ukitoboa, weka mbao mbovu chini yake ili ukingo wa tundu usipasuke keke inapotokeza.

Nyaya si kazi ngumu. Swichi ndogo ina miguu mitatu: wa pamoja, ule unaofunga ukibonyeza, na ule unaofungua ukibonyeza. Unatumia wa kwanza na wa pili, alama zake ni COM na NO. Ukikosea ukaunga wa tatu, NC, gemu itadhani umebonyeza muda wote na ndege itafyatua yenyewe bila kukoma. Waya mmoja wa ardhi unarukia miguu yote ya COM kwa mfululizo. Kila mguu wa NO unakwenda peke yake kwenye bodi ndogo ya USB inayounganisha vitufe na kompyuta. Kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya ni kuunga "juu" kwenye swichi ya juu. Fimbo inazunguka kwenye egemeo lililo katikati, kwa hiyo ukisukuma kichwa juu, mkia unakwenda chini na swichi inayobonyezwa ni ya chini. Ukiwasha ukakuta ndege inakwenda kinyume, badilisha nyaya hizo mbili, hujaharibu kitu.

Jambo la mwisho la mkono ni uzito. Mashine ya kusimama ya ukumbini ilizidi kilo 100, nawe ukaiegemea, ukaipiga, ukainamia, haikutikisika. Kisanduku chepesi cha plastiki kinachoteleza mezani kinaua raha yote hata kama kina vifaa bora. Kijaze uzito kifike kilo tatu au nne, weka miguu ya mpira, au kibane mezani kwa kibano cha seremala.

Muda unaopotea

Kwenye mashine ya zamani picha ilikwenda kwenye kioo jinsi ilivyotoka kwenye bodi, mstari kwa mstari, bila kuhifadhiwa popote njiani. TV ya kisasa hupokea picha, huisafisha, huilainisha, ndipo huionyesha. Ikiachwa kwenye mipangilio ya kutazama filamu, usafishaji huo unaweza kula milisekunde 100. Gemu hizi huchora picha takriban 60 kwa sekunde, yaani milisekunde 16.7 kila moja, kwa hiyo milisekunde 100 ni picha sita. Risasi ya adui inayosogea nukta tatu kwa kila picha itakuwa imekwisha kusogea nukta 18 kabla hujaona matokeo ya mkono wako. Hapo ndipo ulipochoka, nina hakika kabisa. Ubongo unaona mkono hautii, hauelewi kwa nini, na unaamua mchezo haupendezi.

Pima badala ya kukisia. Weka simu kwenye video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde, ielekeze mahali ambapo kitufe na kioo vinaonekana pamoja, bonyeza kitufe cha kufyatua mara kadhaa. Kisha pitia video picha kwa picha, uhesabu kuanzia kitufe kinapogusa chini mpaka risasi inapotokea. Kila picha ni milisekunde 4.2 hivi. Ukipata 24 una tatizo. Ukipata 12 hadi 16 uko vizuri, maana gemu zenyewe zilikuwa na ucheleweshaji wake wa picha moja hadi tatu hata zikiwa ukumbini.

Dawa ya kwanza ni bure: washa hali ya gemu kwenye TV, na uzime kila kinachodai kulainisha mwendo. Hiyo peke yake kwa kawaida huondoa sehemu kubwa. Acha vidhibiti visivyotumia waya. Bodi ya USB chagua inayosomwa mara 1000 kwa sekunde, kwa sababu ya mara 125 inaweza kukuchelewesha mpaka milisekunde 8 peke yake. MAME ina chaguo la lowlatency. RetroArch, programu nyingine ya kuchezea gemu za zamani, ina run-ahead, ambayo hukokotoa mapema picha zijazo na kufuta ucheleweshaji wa gemu yenyewe; lakini usiweke namba kwa kubahatisha. Simamisha gemu kwa P, shikilia upande mmoja wa jostiki, kisha bonyeza K kusogeza picha moja moja. Ndege ikisogea kwenye picha ya tatu, weka 2. Ukizidisha, mwendo unaanza kuruka, kwa sababu programu inafuta hata picha ambazo gemu ilipaswa kuzionyesha.

Sarafu

Sehemu hii haihitaji kifaa chochote, na bado ndiyo watu wanaoipuuza. Ukumbini kila kifo kilikuwa na bei. Ndege ya tatu ilipobaki mabega yalipanda, mate yakakauka, na aliyesimama nyuma yako akaanza kukusogelea. Nyumbani unabonyeza kitufe cha sarafu mara hamsini, unafika mwisho wa gemu kwa kufa tu, na hujajifunza hatua hata moja. Gemu hizi ni fupi. Nyingi ukizipita moja kwa moja hazifiki saa moja. Urefu wake ulitokana na kurudia, na kurudia kulitokana na sarafu kuisha.

Kwa hiyo weka mpangilio wa sarafu moja mchezo mmoja, ndege tatu, ugumu wa kawaida. Jipe sarafu tatu kwa jioni moja. Kitufe cha sarafu usikiweke karibu na mkono. Kiweke pembeni au chini ya ubao, mahali ambapo lazima uache jostiki ili ukifikie. Wakati gemu inahesabu kurudi nyuma kutoka tisa ikikuuliza kama unaendelea, mwili wako unatakiwa kuamua kweli. Andika alama zako za juu kwenye karatasi ukutani, kwa sababu bodi nyingi za zamani zilifuta alama zikizimwa, na mwigo wake nao mara nyingi hufanya hivyo hivyo.

Na umlete mtu. Raiden inachezwa na wawili kwa pamoja, na nusu ya kelele unayoikumbuka ilikuwa ya mtu aliyekuwa kando yako. Kama huna wa kumleta, basi angalau cheza umesimama. Ukikaa kwenye sofa mabega yanalala na mikono nayo inalala.

Picha na sauti

Raiden ni ya kioo wima. Kwenye kioo cha kompyuta cha inchi 27 kilicholala, picha yake itakuwa na urefu wa sentimita 33 hivi na mistari minene myeusi pande zote mbili. Kizungushe kisimame, na picha ile ile inafika sentimita 44 au 45, zaidi ya kioo cha inchi 19 cha ukumbini kilichokuwa na kama 38. TV kubwa ya sebuleni haikufai hapa. Unakaa mita mbili au tatu, wakati ukumbini pua ilikuwa karibu kugusa kioo. Kaa sentimita 60, na uinamishe kioo kidogo kuelekea nyuma.

Uwiano wa picha nao lazima uwe 4:3, au 3:4 kwa kioo wima, hata kama hesabu ya nukta inakataa. Street Fighter II ina nukta 384 kwa 224. Ukizionyesha zote mraba, picha inakuwa pana mno na wapiganaji wote wananenepa. Wachoraji walichora wakijua kioo kitazibana.

Kuna pia kasi ya picha. Si gemu zote zilikwenda mara 60 kamili kwa sekunde. Pac-Man inakwenda 60.6, R-Type ya 1987 inakwenda 55, Mortal Kombat ya 1992 inakwenda 54.7. Kwenye kioo cha 60, mbili za mwisho zitakwama kidogo mara kadhaa kila sekunde, na ukizilazimisha zifuate kioo zinakimbia kuliko zilivyokuwa. Kama mandhari inasogea kwa kushtuka shtuka, ndiyo sababu. Tumia kioo chenye kasi inayobadilika kufuata programu, na tatizo linaisha kabisa.

Ile mistari myeusi ya kulala kati ya mistari ya picha unaweza kuiiga kwa vichujio vilivyomo kwenye programu, lakini hakikisha ukubwa unagawanyika sawa. Mistari 240 mara nne ni 960, inaingia kwenye kioo cha 1080 na kubakiza kidogo; kwenye kioo cha 2160 inaingia mara tisa bila baki. Isipogawanyika utaona mistari minene na myembamba inayopishana, inachosha macho. Vichujio hupunguza mwanga, kwa hiyo pandisha mwanga wa kioo. TV ya chogo bado ni bora kuliko mwigo wowote, kama unayo na inapokea ishara sahihi.

Kwenye sauti usitumie vifaa vyako vizuri. Mashine nyingi zilikuwa na spika moja ya karatasi ndani ya kabati la mbao. Unganisha kulia na kushoto ziwe sauti moja, punguza sauti nyembamba za juu, na uiweke spika chini ya kioo, isiwe mbali. Halafu chukua kifaa kingine, kiweke upande wa pili wa chumba, uache gemu nyingine ikijicheza yenyewe kwa sauti ya chini. Ukumbi haukuwahi kuwa kimya, na gemu ikiwa peke yake kwenye chumba kimya inasikika tupu. Mwanga wa chumba uwe hafifu, uje kutoka nyuma yako au juu ya kioo, usikipige kioo usoni.

Siku ukiamua kutafuta mashine halisi

Umesema hutaki mashine nzima, nami nakubaliana nawe kwa sasa. Ila ikitokea ukaletewa moja iliyokaa stoo, usiichomeke kwenye umeme kwanza. TV ya chogo iliyomo ndani inaweza kushika volti zaidi ya 20,000 kwenye kile kifuniko cha mpira kilicho juu ya tyubu, hata baada ya kuzimwa. Kuiondoa chaji ni kazi ya fundi TV: bisibisi yenye mpini mzuri, iliyofungwa waya kwenye fremu ya chuma, mkono mmoja nyuma. Nyingi ya bodi za TV hizo pia haziruhusiwi kuungwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Zinahitaji transfoma ya kutenganisha, kwa sababu chasi yake yenyewe ina umeme hatari. Usiiruke transfoma hiyo.

Kisha angalia betri kwenye bodi ya gemu. Betri za kuchaji za zamani huvuja na kula njia za shaba. Ukiona unga wa kijani au mweupe, kata betri itoke, futa kwa siki kidogo, suuza kwa isopropili, ukaushe. Bodi za Capcom za CPS-2, zilizoanza 1993, ni tofauti: betri ndiyo inayoshikilia ufunguo wa programu, na ikiisha gemu inakufa. Siku hizi ufunguo huo unaweza kurudishwa, lakini usiikate betri ya bodi hiyo hovyo.

Tenganisha bodi na nyaya zake, washa pawa saplai peke yake ikiwa na mzigo mdogo, na upime kwa mita. Unataka volti 5.00 hadi 5.10 zinazofika kwenye bodi yenyewe, siyo kwenye pawa saplai tu, kwa sababu nyaya kuukuu na soketi chafu hupunguza njiani. Ikishuka chini ya 4.75 gemu itajizima na kujiwasha au itachora takataka. Ikivuka 5.25 unaanza kuunguza chipu ambazo hazitengenezwi tena. Kwenye mashine zinazofuata JAMMA, mpangilio wa pamoja wa kuunganisha bodi na kabati, soketi ni ya miguu 56, 28 kila upande. Safisha meno ya bodi kwa kifutio cheupe cha penseli na isopropili kabla ya kuichomeka, kandamiza kila chipu iliyo kwenye soketi maana hulegea kwa miaka ya joto na baridi, na uangalie mara mbili kwamba bodi haikugeuzwa. Ikiingia kichwa chini, volti 12 zinakwenda kusikotakiwa.